Maswali ya Wasomaji: Punda Anavutaje Mkokoteni Unaomvuta?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinagusa kanuni tatu za mwendo za mwanasayansi Isaac Newton. Katika majibu, neno kani limetumika kwa maana ya msukumo au mvuto wowote, nayo hupimwa kwa nyutoni, tungamo ni kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilo, na mchapuko ni kiasi ambacho mwendokasi hubadilika katika kila sekunde.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mkoani Dodoma. Tumefundishwa kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Nyumbani tuna punda anayevuta mkokoteni wa maji. Ikiwa punda anauvuta mkokoteni, nao unamvuta nyuma kwa kani ileile, basi kani hizo zinafutana na jumla yake ni sifuri. Mkokoteni unaondokaje? Nilipouliza darasani niliambiwa nikariri kanuni kama ilivyo kwa sababu ndiyo inayotoka kwenye mtihani.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukustahili kujibiwa hivyo, kwa kuwa swali lako ndilo lango la mada yote. Newton mwenyewe, katika kitabu chake kilichotoka kwa Kilatini mwaka 1687, alipoeleza kanuni ya tatu, yaani hiyohiyo uliyofundishwa, alitumia mfano wa farasi anayevuta jiwe lililofungwa kamba, akasema kwamba farasi naye huvutwa kwa kiasi hichohicho kuelekea kwenye jiwe. Kwa hiyo uliyofundishwa ni kweli: punda wenu huvutwa nyuma na mkokoteni kwa kani iliyo sawasawa na ile anayoivutia, tangu anapoanza kuondoka mpaka anaposimama, bila hata nukta moja ya tofauti.

Kosa limejificha katika neno "zinafutana". Kani mbili hufutana pale tu zinapotenda juu ya kitu kimoja. Mvuto wa punda unatenda juu ya mkokoteni, na mvuto wa mkokoteni unatenda juu ya punda. Kuzijumlisha hizo mbili ni sawa na kuchukua mapato ya duka lako na matumizi ya duka la jirani, kisha kutangaza kwamba hukupata faida. Kila duka lina daftari lake, na vivyo hivyo kila kitu kina hesabu yake ya kani.

Tufungue basi daftari la kila mmoja. Tuseme mkokoteni pamoja na madumu ya maji una tungamo la kilo 440, punda ana kilo 160, na njia ni tambarare. Punda anauvuta mkokoteni mbele kwa nyutoni 400, na magurudumu yanazuiwa na njia kwa nyutoni 180. Juu ya mkokoteni zipo kani hizo mbili tu za kwenda mbele na kurudi nyuma, na tofauti yake ni nyutoni 220 kuelekea mbele. Kanuni ya pili inasema kwamba mchapuko ni jumla ya kani zinazotenda juu ya kitu ikigawanywa kwa tungamo la kitu hicho. 220 kwa 440 ni 0.5, yaani kila sekunde inayopita mwendokasi wa mkokoteni unaongezeka kwa nusu mita kwa sekunde. Utaona kwamba ile kani ambayo mkokoteni unamvutia punda haikuingia popote katika hesabu hii, kwa kuwa haitendi juu ya mkokoteni.

Sasa daftari la punda. Mkokoteni unamvuta nyuma kwa nyutoni 400. Ili aende pamoja nao kwa mchapuko uleule wa 0.5, anahitaji kani ya ziada ya nyutoni 80 kuelekea mbele, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachomsukuma mbele kwa nyutoni 480. Kitu hicho ni ardhi. Punda huibana ardhi kwa kwato na kuisukuma nyuma, na ardhi, kwa msuguano, humsukuma yeye mbele kwa kiasi hichohicho. Ukitaka kuhakiki, wachukue punda na mkokoteni kama kitu kimoja chenye kilo 600: kani za nje ni 480 kwenda mbele na 180 kurudi nyuma, zinabaki 300, na 300 kwa 600 ni 0.5 ileile.

Bila shaka umewahi kuyaona haya wakati wa masika. Punda yuleyule, mwenye misuli ileile, akikanyaga tope telezi ambalo kwato zake zinapata msukumo wa nyutoni 100 tu, hawezi kuushinda ukinzani wa nyutoni 180, na atateleza palepale alipo hata achapwe vipi. Mnyama wa watu hana kosa; kinachokosekana ni msukumo wa ardhi.

Kabla ya kuandika namba yoyote katika swali la aina hii, andika jina la kitu unachokihesabia, kichore peke yake, kisha chora mishale ya kani zinazotoka kwa vitu vingine na kutenda juu yake. Kani ambazo chenyewe kinavifanyia vitu vingine usizichore kabisa. Ninaamini zaidi ya nusu ya makosa ninayoyaona kwenye daftari za wanafunzi yangetoweka kwa zoea hili moja.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia jijini Mombasa. Mwenzangu huwafundisha wanafunzi kwamba uzito wa kitabu kilicho mezani na msukumo wa meza kuelekea juu ni jozi ya kanuni ya tatu, kwa kuwa ni sawa na vinapingana. Sikubaliani naye, lakini sikupata mfano wa kumshawishi.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, msimamo wako ni sahihi. Kani za jozi lazima ziwe za vitu viwili vinavyotendeana, na ziwe za aina moja. Uzito wa kitabu ni mvuto wa Dunia juu ya kitabu, kwa hiyo jozi yake ni mvuto wa kitabu juu ya Dunia. Msukumo wa meza juu ya kitabu una jozi yake pia, nayo ni msukumo wa kitabu juu ya meza. Kani mbili anazozitaja mwenzako zote zinatenda juu ya kitabu, na zimelingana kwa sababu ya kanuni ya pili: kitabu kimetulia, hakina mchapuko, basi jumla ya kani zake ni sifuri.

Mfano wa kumshawishi ni lifti. Weka mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya mizani ndani ya lifti. Lifti ikiwa imesimama, Dunia inauvuta mfuko kwa nyutoni 490, na mizani inausukuma juu kwa nyutoni 490. Lifti inapoanza kupanda kwa mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, uzito unabaki 490, lakini mizani sasa inasukuma kwa nyutoni 540, na sindano yake inasogea hadi kilo 55 hivi. Kani zile mbili si sawa tena. Jozi ya kanuni ya tatu hailegei namna hiyo, iwe kitu kimetulia, kinapanda au kinaanguka. Ukiona kani mbili zimeweza kutofautiana hata kwa sekunde moja, ujue hazikuwa jozi tangu mwanzo. Mfuko, kwa upande wake, sasa unaikandamiza mizani kwa nyutoni 540 zilezile, na hiyo ndiyo jozi iliyobaki kamili.

Nadhani mkanganyiko huu unatokana na mazoea ya kuziita kani hizi "tendo" na "jibu lake", kana kwamba moja hutangulia na nyingine hufuata. Huzaliwa pamoja na kufa pamoja, na yoyote kati yake inaweza kuitwa ya kwanza.

SWALI: Mimi si mwanafunzi, ni abiria tu wa daladala hapa Dar es Salaam. Dereva akifunga breki ghafla, sisi tuliosimama tunarushwa mbele. Ni kani gani inayoturusha?

JIBU: Hakuna kani inayokurusha mbele. Daladala inapokwenda, nawe unakwenda kwa mwendokasi uleule, na kwa kanuni ya kwanza utaendelea hivyo mpaka kani ikubadilishe. Breki zinalipunguza mwendo gari. Miguu yako inazuiwa na msuguano wa sakafu, lakini kiwiliwili kinaendelea na safari yake ya awali, ndiyo maana unainama mbele. Aliyesimama kando ya barabara angeona gari likikuacha utangulie. Kwenye kona ni vivyo hivyo: unahisi unasukumwa nje, kumbe ni ubavu wa gari unaokuja upande wako na kukusukuma ndani ya kona.

Unachokihitaji, basi, ni kani ya kukupunguza mwendo pamoja na gari. Gari lililokuwa likienda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, likisimama kwa sekunde 3, mtu wa kilo 60 anahitaji kurudishwa nyuma kwa wastani wa nyutoni 300, kiasi ambacho mikono miwili iliyoshika bomba na miguu iliyotanuliwa huweza kukimudu. Gari hilohilo likigonga ukuta na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani hiyo inafika nyutoni 9,000, sawa na uzito wa zaidi ya kilo 900, na hapo hakuna mkono wa binadamu unaotosha. Mkanda wa kiti umetengenezwa kwa ajili ya kani ya namna hiyo: huitoa kifuani na nyongani, mahali penye mifupa imara, badala ya kuacha itolewe na kioo cha mbele au mgongo wa kiti cha mwenzako.