Mdogo wangu, uso wa mpigaji haukuhusu

Jumamosi nilisimama nyuma ya goli nikiwatazama makipa wetu wa U-17 wakipigiwa penati. Zilipigwa kumi na mbili. Saba kati ya hizo, kipa alikuwa ameshalala kabla mpira haujaguswa. Nilizishika nyavu nisipige kelele. Hawa watoto nawapenda, na kosa lile nimeishi nalo.

1. Macho yashuke chini. Mpira uko mita 11, ukipigwa kwa nguvu unakufikia ndani ya nusu sekunde hivi, nawe una mita 7.32 za kulinda. Ukingoja uone unaelekea wapi, umeshafungwa. Soma mguu wa egemeo, ule asiopigia: unapokanyaga kando ya mpira, mara nyingi ncha ya kiatu inaonyesha upande. Soma na nyonga. Anayepiga kwa kulia akiifunga nyonga, yaani akiigeuzia kushoto kwake, jiandae kuliani kwako, akiifungua, kushotoni.

2. Subiri. Hili linaniuma hadi leo. Ilikuwa nusu fainali ya kombe la wilaya, dakika za mwisho, sare. Mpigaji wao nilikuwa nimemwona wiki moja kabla: alikuja kwa mshazari, akafungua nyonga, akaweka kushoto kwa kipa. Nahodha wangu alinikumbusha hilo, akanigonga kifuani. Halafu yule bwana akauweka mpira, akainua macho, akaitazama kona yangu ya kulia. Akaitazama tena. Nami nikayaamini macho yake. Alipokuwa bado hatua mbili kutoka kwenye mpira, goti langu la kulia lilishapinda. Nikiwa hewani nikauona mguu wake wa egemeo ukikanyaga, ncha imeelekea kushoto, wazi kabisa kama mshale. Nilijua. Mwili ndio haukuwa wangu tena. Mpira ulikuja taratibu, chini kwa chini, mpira ambao mtoto angeudaka. Nilibaki nimelala nikisikia wenzao wakishangilia, na beki wangu wa kati, aliyecheza kipindi chote cha pili akichechemea, akaja kuniinua bila neno. Angenitukana ningepumua. Nilikuwa na taarifa, nilikuwa na macho, nikashindwa kutulia kwa muda wa hatua mbili tu.

Ndiyo maana nawagombeza. Dalili za mapema ndizo rahisi kughushi. Za kweli huja mwishoni, na ukishajitupa hazikusaidii. Wako wapigaji wanaoishi kwa haraka yenu. Jorginho wa Italia alikuwa akirukaruka kidogo kabla ya kupiga, akingoja kipa aanze kwenda. Fainali ya Euro pale Wembley, Julai 2021, Pickford, kipa wa England, alikwenda upande sahihi, akaupangua mkwaju wake hadi kwenye mwamba, akauwahi mpira.

3. Tangu 2019 sheria inataka angalau sehemu ya unyayo mmoja wa kipa iwe kwenye mstari wa goli au usawa wake, na tangu 2022 hata nyuma yake, mpigaji anapopiga. Zoeeni kusukumia mguu huo.

4. Mwangalieni Ronwen Williams, kipa wa Afrika Kusini, dhidi ya Cape Verde, robo fainali ya AFCON, Februari 2024. Aliokoa mikwaju minne. Mtazameni miguu, achaneni na mikono.

Jumanne hakuna kuruka. Utasimama mstarini, mguu wa egemeo ukikanyaga utatamka “kulia” au “kushoto”, mara hamsini. Glovu ziacheni nyumbani.