Nataka mkunga, wao wanasema Bombo

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi njia ya Pangani, mbele kidogo ya Tongoni. Nina mimba ya pili, wiki ya 31. Wa kwanza nilimzaa kwa operesheni miaka mitatu iliyopita, wakati naishi mkoa mwingine, kwa sababu alitanguliza makalio. Siku ile sipendi hata kuikumbuka. Hakuna aliyenieleza kitu, nilisainishwa karatasi huku uchungu umenibana, na usiku kucha nililala bila wa kuniuliza hali. Safari hii nimempata mkunga wa zahanati yetu. Ananiita kwa jina, ananipima taratibu, kila anachokiona ananiambia. Nataka yeye ndiye anizalishe. Lakini kwenye kadi nimeandikiwa kidokezo cha hatari, na mkunga mwenyewe anasema lazima nikazalie Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko mjini. Naogopa nikienda huko watanipasua tena. Mume wangu anasema tufuate wataalamu. Mama mkwe anasema yeye kazaa saba nyumbani na hakuna kilichompata. Nimewaza uchungu ukianza nikae kimya, niende zahanati mtoto akiwa yu karibu kutoka, maana hapo watanipokea tu. Shangazi, nakosea? Mwenye Kovu, Tanga.*

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Usikae kimya. Nakuomba kama mama anavyomwomba mwanawe. Siku uchungu utakapoanza, hata kama ni wa kubipu tu, mumeo ajue saa hiyo hiyo na safari ianze.

Nimefanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na mwanamke mmoja hajanitoka moyoni. Naye alikuwa na kovu, naye aliogopa kisu, akajificha ndani na uchungu tangu magharibi mpaka jua likachomoza. Alipofikishwa kwetu uchungu ulikuwa umekatika ghafla, tumbo limekuwa gumu, na yeye amekuwa mweupe kama karatasi. Tulimwokoa yeye. Mtoto hatukumpata, na kizazi kilitolewa. Alikuwa na miaka 26.

Mfuko wa uzazi ulioshonwa hupona na hubeba mimba nyingine vizuri. Ila uchungu unapovuta, pale penye mshono ndipo penye udhaifu. Kwa wanawake wanaojaribu njia ya kawaida baada ya operesheni moja, takriban mmoja kati ya 200 mshono huachia. Ni wachache, ndiyo. Lakini ukiachia, damu humwagikia ndani, mtoto hukosa hewa, na muda wa kuwaokoa ni wa dakika. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezewa. Kutoka kwenu mpaka mjini, usiku, mvua za masika zikiwa zimeshika, dakika hizo huna.

Sasa sikia upande wa pili, ambao naona hakuna aliyekuambia. Kati ya wanawake wanne wanaojaribu njia ya kawaida baada ya operesheni moja, karibu watatu hufanikiwa. Na sababu iliyokupeleka kwenye kisu haikuwa nyonga nyembamba wala uchungu uliokwama. Mtoto alikaa vibaya, basi. Huyu wa sasa akigeuka kichwa chini, sababu ile haipo tena. Miaka mitatu kati ya uzazi na uzazi nayo inakusaidia, maana kovu limepata muda wa kukomaa.

Kwenye barua yako umefunga vitu viwili fundo moja: nani atakushika, na wapi utazalia. Vifungue. Mkunga unaweza kumpata. Zahanati, kwa mimba hii, hapana. Na huyo mkunga wako anayekuambia uende Bombo hajakutupa. Ndiyo ukunga wenyewe huo, kujua mwisho wa mikono yako uko wapi. Hata huko Bombo, mama anayezaa njia ya kawaida huzalishwa na mkunga. Daktari huitwa pakiwa na jambo. Maandishi ya kwenye kadi yanasema uzalie penye chumba cha upasuaji. Hayasemi upasuliwe. Mwenye mimba ya tano huandikiwa hivyo hivyo, na mwenye kimo cha chini ya sentimita 150, na wengi wao huzaa wenyewe wakarudi nyumbani na watoto wao.

Kwa hiyo utakachokwenda kukitafuta ni kuzalishwa na mkunga, Bombo, daktari akiwa karibu. Na hilo huliombi ukiwa juu ya kitanda cha leba unauma kanga. Unaliomba sasa, una wiki za kutosha.

Kwanza tafuta karatasi za operesheni ile. Kovu la nje kwenye ngozi haliwezi kumwambia mtu mfuko wenyewe ulikatwa vipi ndani. Ukiwa ulikatwa kwa upande, sehemu ya chini, mlango uko wazi. Ukiwa ulikatwa kwa urefu kwenda juu, mlango umefungwa, kubali upasuaji wa kupangwa na usibishane na mtu. Mpigie ndugu aliyeko huko aende hospitali akaulizie faili lako, na aende na namba yako ya faili kama bado unayo. Pia uombe altrasaundi ya kuangalia kondo la nyuma limejishika wapi. Likiwa limekaa juu ya kovu, hiyo ni habari nyingine kabisa na inabidi ijulikane mapema.

Halafu mwombe mkunga wako akuandikie rufaa ya kumwona daktari wa wodi ya wazazi sasa, kabla wiki ya 36 haijafika. Nenda na mumeo. Usiingie na ugomvi wa ile hospitali ya kwanza, ingawa una haki ya kuuchukia. Sema hivi: “Daktari, nilipasuliwa kwa sababu mtoto alitanguliza makalio. Nataka kujaribu njia ya kawaida hapa kwenu, nishikwe na mkunga, na mkiona hatari niambieni kwanza ndipo mnipeleke. Je, mimi nafaa kujaribu? Na kama sifai, ni kwa lipi?” Swali hilo la mwisho usiliache. Daktari akikupa sababu yenye jina, utaweza kuikubali. Akikujibu “ndio utaratibu” tu, muulize tena kwa adabu, na mumeo aulize.

Omba pia uwe na mtu wako. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2018, linataka kila mzazi awe na mwenzake aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Wodi nyingi humkataa mwanamume kwa kuwa vitanda vimetengwa na pazia tu, kwa hiyo chagua mwanamke. Dada yako, au somo yako kama ni mtu mtulivu. Kazi yake ni kukushika mgongo, kukupa maji, na kuita mtu ukibadilika. Omba uruhusiwe kutembea na kukaa utakavyo mpaka wakati wa kusukuma, uelezwe kabla ya kila kipimo, na mtoto alazwe kifuani kwako akitoka. Hayo hayana gharama kwa mtu.

Na wewe uwe na cha kutoa. Kubali uwekewe njia ya mshipani mapema. Kubali mapigo ya mtoto yasikilizwe mara kwa mara, hata kama yanakukatisha kutembea. Kubali kwamba njia ikigoma kufunguka, hawatakuongezea uchungu ovyo, maana dripu na vidonge vya uchungu huukaza mfuko na kovu ndilo linaloumia; wakiamua kukupasua kwa sababu hiyo, hujashindwa wala hujadanganywa. Mkikubaliana, omba yaandikwe kwenye kadi. Zamu hubadilika, na mkunga wa usiku hakuwepo mlipoongea.

Hapohapo niseme la dawa. Najua kwetu Tanga kuna mizizi na majani ya “kuharakisha”, na mtu atakuletea kwa mapenzi tu. Usinywe. Zinafanya kazi ileile ya dripu, ila hakuna anayepima kiasi.

Ukifika wiki ya 38, hamia mjini. Huna shangazi Ngamiani, rafiki Makorora, yeyote mwenye godoro la ziada? Wiki mbili tatu za kubanana kwa watu ni afadhali kuliko njia ya Pangani saa nane ya usiku. Uchungu ukikukuta ukiwa bado kijijini, pigeni 115, namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, na wakati mnasubiri, zahanati ijue. Usingoje chochote ukiona damu, au maumivu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu, au kovu linauma peke yake, au macho yanaingia giza.

Mama mkwe usimvunjie heshima. Mwambie, “Mama, wewe ulizaa saba tumbo lako likiwa zima. Langu lina mshono.” Kisha mpe kazi: akuangalizie mkubwa ukiwa mjini. Atajiona yumo.

Kuhusu hofu yako, sitakuambia uisahau. Uliachwa peke yako usiku ule, na nakiri kwa aibu kwamba hata mimi, kwenye zamu za watu kumi na mbili kwa mkunga mmoja, niliwahi kumfokea mama aliyekuwa anahitaji neno moja tu la upole. Wanawake wanaojificha na uchungu hawaogopi kisu peke yake, wanatuogopa na sisi. Ndiyo maana nataka ufike Bombo mapema, mchana, kabla ya siku yenyewe, uione leba, ujue choo kiko wapi, ukutane na sista hata mmoja umjue sura.

Na mkunga wako wa zahanati usimwache. Aendelee kukupima mpaka utakapohamia mjini, na siku ukiruhusiwa kurudi nyumbani mtumie ujumbe. Mwombe akuone ndani ya siku ya tatu, aangalie kidonda kama kipo, aangalie titi na kitovu cha mtoto, na akae kidogo mnywe chai. Muulize sasa kama ataweza.