Laptopu ya i7 kwa desktopu ya i5, nani anapigwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Mbeya, naediti video za harusi na sendofu. Nina laptopu Dell Latitude 7480, prosesa i7-7600U, RAM 8, SSD ya 256. Jirani yangu mwenye duka la kutoa kopi ana desktopu HP EliteDesk 800 G2, i5-6500, RAM 8, hadidiski ya 500 na monita yake juu. Anataka tubadilishane mkono kwa mkono, hakuna kuongezana hela. Kaka yangu kanikalia kooni, anasema i7 haibadilishwi na i5, ntakua nimepigwa mchana kweupe, bora nidai laki moja juu. Jirani nae anasema ya kwake ndo ina nguvu. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako kasoma kibandiko tu pale pembeni ya kibodi akaishia hapo. Aangalie na ile herufi U mwishoni mwa namba, maana hiyo ndo inakwambia prosesa (ubongo wa kompyuta) imetengenezwa kutunza betri. i7-7600U ina kore mbili (kore ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa) na wati 15, i5-6500 ina kore nne na wati 65. Yani i7 yako ina kore nusu ya i5 ya jirani.

Ila usimcheke sana, maana kasi ya prosesa yako inapanda mpaka 3.9GHz na ya jirani inaishia 3.6, kwahiyo kwenye vitu vidogo vidogo kama kufungua brauza au kuandika barua, laptopu yako inaweza hata kuonekana nyepesi zaidi. Boda inaliacha Fuso pale Mwanjelwa bila shida, sasa ipakie magunia arobaini ya viazi uone. Kurenda video ya harusi, yani kompyuta kuitoa ikiwa faili kamili ukishamaliza kuediti, ndo hayo magunia.

Usiniamini mimi, pima. Chukua flashi, weka klipu yako mwenyewe ya kama dakika 10, nenda nayo kwa jirani na laptopu yako, muirende kote kote kwa programu ile ile, toleo lile lile na setingi zile zile, saa ya simu iko mkononi. Laptopu iwe kwenye chaja. Na usitumie klipu ya dakika moja, hapo utadanganyika, kwasababu laptopu inaanza vizuri sana, alafu joto linapanda, feni inaanza kuvuma kama inataka kupaa, na ukibonyeza Ctrl+Shift+Esc ukaangalia upande wa prosesa unaona GHz zinashuka mbele ya macho yako. Ukitaka namba ya kumuonyesha kaka, shusha Cinebench R23, programu ya kupima prosesa, ni ya bure, jaribio lake la kore zote linazunguka dakika 10, mwenye pointi nyingi ndo mwenye nguvu.

Sasa kuna mtego. Siku ya kwanza ukiwasha ile desktopu utasema umeibiwa, Windows itachukua muda mpaka chai ipoe. Tatizo hapo sio prosesa, ni hadidiski, maana hizo zinasoma kama MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, wakati SSD, yani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hata ile ya kawaida ya SATA inafika kama 500. Kwahiyo kaka yako ana pointi bila kujua: badala ya kudai laki, mwambie jirani aweke SSD ndo mshikane mikono. Monita anayokupa nayo ihesabu, usiwe mchoyo.

Kuhusu Windows 11 msigombane, hizo prosesa zote mbili ni za zamani, haziko kwenye orodha ya prosesa inazozikubali, kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Kingine ni umeme. Mi niliwahi kurenda sendofu nzima kwenye desktopu bila UPS (betri ya akiba ya kompyuta), imefika asilimia 90 umeme ukakata, na mama wa bibi harusi yuko njiani anakuja kuchukua flashi. Laptopu ingeendelea tu na betri.

Ningekua wewe na kazi nafanyia sehemu moja, ningebadilisha, ila sitoki dukani kwake bila SSD na risiti ya hiyo desktopu. Kama kazi yako ni kuzunguka kwa wateja kuwaonyesha, baki na yako. Ukikubali, hamisha kazi zako, toka kwenye akaunti zako zote na futa diski kabla hujakabidhi.

SWALI: Nina desktopu, mtu ananipa laptopu tubadilishane, anasema betri inakaa masaa manne. Ntajuaje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Muombe ukae nayo dakika tano tu. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, na pale pale inakuandikia imelihifadhi wapi. Lifungue utafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo wa betri ikiwa mpya, wa pili ni ilichobakiza. Ukikuta 50,000 na 21,000, hiyo haijabakiza hata nusu, na bei ya betri mpya anaibeba yeye.