Maswali ya Wasomaji: Jirani Akinunua Ndege za Kivita, Nawe Ununue?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kongwa. Tangu mapigano ya India na Pakistan ya Mei 2025, wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawaishi kubishana. Mmoja wao alisema India ni nchi kubwa yenye fedha, kwa hiyo ingenunua tu ndege mpya mia mbili na mambo yakaisha. Nilishindwa kumjibu. Kwa nini nchi yenye uwezo kiasi hicho huchukua miongo mingi kulifanya jeshi lake la anga liwe la kisasa, ilhali jirani yake mdogo anaonekana kwenda naye sambamba?

JIBU: Mwalimu, sehemu ya jibu iko karibu na shule yako. Mwaka 1947, mwaka uleule ambao India na Pakistan zilitengana, Waingereza walifika Kongwa na matrekta yao kulima karanga. Mengi yalikuwa masalia ya jeshi, yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, na baadhi yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Haukupita muda mrefu sehemu kubwa ya mashine hizo ikawa imelala, kwa kuwa vipuri havikuwepo, karakana hazikutosha, na mafundi wa kuzihudumia walikuwa wachache. Mradi ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30. Wazee wa Kongwa waliyaona matrekta hayo kwa macho yao. Nakushauri uwaanzishie wanafunzi wako hapo, kisha uwapeleke India.

Kufukuzana kwa majirani hawa angani kunaonekana vizuri kuanzia mwaka 1983, Pakistan ilipoanza kupokea ndege za kivita za F-16 kutoka Marekani. India haikuweza kukaa kimya. Ikachukua Mirage 2000 kutoka Ufaransa mwaka 1985, na baada yake kidogo ikapokea MiG-29 kutoka Umoja wa Kisovyeti. Kwenye karatasi, deni lilikuwa limelipwa. Lakini India ilikuwa tayari na Jaguar zenye asili ya Uingereza na Ufaransa, na mamia ya MiG-21 zilizoanza kuingia mwaka 1963, na kila aina ya ndege ilidai ghala lake la vipuri, vifaa vyake vya kupimia, mafunzo yake ya urubani na mafundi wake. Fundi wa bodaboda wa pale Majengo anaweza kuhama kutoka pikipiki ya Kichina kwenda ya Kihindi kwa siku moja, lakini fundi wa injini ya Mirage hawezi kuamka kesho akawa fundi wa MiG. Hivyo ununuzi uliofanywa ili kumjibu jirani uliongeza idadi ya ndege, na papo hapo ukaongeza ugumu wa kuzitunza.

Pakistan nayo ilipata somo lake, tena chungu zaidi. Mwaka 1990 Marekani ilisimamisha misaada na mauzo ya silaha kwa nchi hiyo kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia. Ndege 28 za F-16, ambazo Pakistan ilikuwa imekwisha kuzilipia mamia ya mamilioni ya dola, zikabaki zimeegeshwa katika jangwa la Arizona. Shauri hilo halikumalizika hadi mwaka 1998, na sehemu ya malipo ya kulimaliza ilitolewa kwa bidhaa, ikiwemo ngano. Wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa watanielewa nikisema kwamba ni nadra mtu kulipia ndege akaletewa ngano.

Baada ya hapo Pakistan iliamua kujenga ndege yake kwa kushirikiana na China. Ndiyo JF-17, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na ambayo huunganishwa Kamra, nchini Pakistan, ingawa injini yake inatoka Urusi. Mwaka 2022 ikaongeza J-10C za China. Watu wengi husifu uamuzi huu kuwa ni kujitegemea. Mimi nasita kidogo, kwa sababu Pakistan imehama nyumba tu. Bado ni mpangaji, na mwenye nyumba wa sasa ni China. Hata hivyo uhamaji huo umekuwa na faida moja kubwa: unaponunua ndege, rada na makombora kwa muuzaji mmoja, ni rahisi zaidi kuvifanya vizungumze lugha moja.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wako na ndege zake mia mbili. India ilijaribu jambo la namna hiyo. Mwaka 2007 ilitangaza zabuni ya ndege 126. Mwaka 2012 ikaichagua Rafale ya Ufaransa. Mazungumzo yakakwama katika bei na katika suala la nani atabeba dhamana ya ndege zitakazoundwa India. Na mwisho wake, Septemba 2016, ikatia saini ya kununua ndege 36 tu. Tano za kwanza zilitua Ambala, kituo cha jeshi la anga la India, Julai 2020. Hesabu mwenyewe, Mwalimu: kuanzia zabuni hadi magurudumu kugusa ardhi ni miaka 13, na katika miaka hiyo yote MiG-21 zilikuwa zinazeeka na kuanguka.

Njia nyingine ilikuwa kuunda ndege nyumbani. Mradi wa ndege ya Tejas ulianza mwaka 1983, ndege ikaruka kwa mara ya kwanza Januari 2001, na kikosi cha kwanza kikaundwa mwaka 2016. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na kilicho kigumu kuliko vyote kuunda ni injini. Injini ya Kihindi iliyokusudiwa, Kaveri, haikufikia nguvu iliyotakiwa, kwa hiyo Tejas inatumia injini ya Marekani. Serikali ilipoagiza Tejas 83 za toleo jipya mwaka 2021, fedha zilikuwepo na kiwanda kilikuwepo, lakini injini zilichelewa kufika, na mabodi ya ndege yakawa yanazisubiri. MiG-21 za mwisho zilistaafishwa Septemba 2025. India, inayokusudia kuwa na vikosi 42 vya ndege za kivita, ikabaki na 29.

Kuhusu mapigano ya Mei 2025, nitakuwa mwangalifu, kwa kuwa kila upande unadai yake. Tunachojua kwa hakika ni kwamba mkuu wa majeshi ya India alikiri baadaye mwezi huohuo kwamba walipoteza ndege, bila kutaja idadi. Kinachowashughulisha wataalamu zaidi ni namna mapigano yalivyokuwa. Marubani walirushiana makombora kutoka mbali sana, kila mmoja akiwa upande wake wa mpaka. Katika vita vya aina hiyo, ndege yenye rada kubwa inayozunguka nyuma, ikiwaonyesha marubani wa mbele adui alipo kabla wao wenyewe hawajamwona, inaweza kuwa na thamani kuliko ndege kadhaa za kivita. Pakistan iliwekeza mapema katika ndege za namna hiyo kutoka Sweden na China. Kwa maoni yangu hapo ndipo nchi ndogo ilipopunguza pengo: iliacha kuhesabu ndege za jirani, ikauliza rubani wake ataona nini.

Kwa hiyo mwambie kijana kwamba fedha zinaweza kupitishwa bungeni kwa alasiri moja. Rubani wa kivita huchukua miaka kufundishwa, na fundi wake vivyo hivyo.

SWALI: Mhariri, mimi ni askari mstaafu, naishi Chamwino. Je, sisi wakati wa vita vya Kagera tulikuwa tumelingana na Idi Amin kwa ndege?

JIBU: Shikamoo Mzee. Kwa aina ya ndege hatukuachana sana: Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 za Kisovyeti, nasi tulikuwa na ndege zilizoundwa China kwa mifano hiyohiyo. Wewe uliyekuwepo unajua kuliko mimi kwamba vita havikuamuliwa na ndege hizo. Amin alikuwa amekwisha kupoteza ndege nyingi zikiwa chini, makomando wa Israel walipoziteketeza Entebbe Julai 1976. Na uvamizi ulipoanza Oktoba 1978, kilichowatia hofu zaidi marubani wake ni kombora dogo la kubebwa begani, SA-7, ambalo bei yake haikaribii hata kidogo bei ya ndege, na ambalo vijana wetu walilitumia kutungua MiG zake.

Kasoro tulikuwa nazo pia. Karibu na Musoma, wapiganaji wetu wa ulinzi wa anga walizitungua kwa makosa ndege zetu wenyewe, kwa kuwa zilifanana mno na za adui na mawasiliano kati ya walio angani na walio ardhini hayakutosha. Mwishoni mwa Machi 1979, Libya ilipoingia kumsaidia Amin, ilituma Mwanza ndege ya kudondosha mabomu ya Tu-22, ndege kubwa na ya kisasa kupita chochote tulichokuwa nacho. Ilikosa mji kabisa. Silaha zake ziliangukia hifadhi ya Saanane, zikaua wanyama kadhaa na kumjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja, na siku chache baadaye majeshi yetu yalikuwa Entebbe.