Tosta ya sandwichi: shika bamba kwanza

Nataka tosta ya sandwichi ya familia ya watu wanne. Dukani nitazame nini? (Morogoro)

Ifungue ushike bamba. Bamba zito la alumini huchelewa kupata moto lakini huutunza, kwa hiyo mkate wa kwanza na wa mwisho huiva sawa. Jepesi hupoa ukilaza tu mkate. Katikati panaungua, pembeni pamebaki peupe. Kisha chezesha bawaba. Inatakiwa ilegee kidogo ili mfuniko upande pamoja na mkate mnene. Iliyokaza hubana nyuma na kuacha mbele wazi. Malizia na kifungio, kwa sababu cha plastiki nyembamba ndicho hukatika mapema, na kukipata peke yake ni shida. Wati 700 hadi 800 zinatosha kwa slesi nne. Taa nyingi na maandishi ya “3 kwa 1” havipiki mkate.

Inakula umeme sana? (Kibaha)

Swali hili haliishi. Wati 750 kwa dakika tano hazifiki hata sehemu ya kumi ya uniti. Uniti moja inakupa mizunguko kama 16. Kama LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakimbia, kaangalie hita ya maji na pasi.

Ndugu yangu kanitumia moja kutoka Marekani. Ninunue adapta? (Arusha)

Usiichomeke. Soma kibandiko chini yake: ikiandikwa volti 120 tu, soketi yetu ya 230 itaisukumia nguvu karibu mara nne ya iliyoundiwa. Adapta hubadilisha pini, volti inabaki ileile. Transfoma ya kuibeba ipo, ila ni nzito, na kwa chombo kama hiki sioni sababu ya kuinunua.

Mkate unang’ang’ania na nonstiki inabanduka. Nifanyeje? (Tanga)

Nonstiki haibanduki bure. Mmesugua kwa stili waya, au mmechokoa mkate kwa kisu na uma. Iliyokwisha kutoka haipakwi tena nyumbani, na jibini litashika hapohapo kila siku.

Kwa atakayenunua mpya: tumia mwiko wa mbao. Siagi ipake upande wa nje wa mkate. Vijiko viwili vya nyama au mayai vinatosha, na nyanya itoe mbegu. Mkishindilia, maji yanavuja na kuganda kwenye bamba, nanyi mnakandamiza mfuniko mpaka kifungio kikatike. Jibini likiganda, chomoa plagi, ngoja bamba liwe vuguvugu, laza kitambaa chenye maji kidogo, funga kwa dakika kumi, kisha futa. Isiyo na bamba za kutoka haitumbukizwi kwenye beseni hata siku moja.

Taa ya kijani ikiwaka, mkate umeiva? (Nakuru)

Hapana. Kwa tosta nyingi taa hiyo inasema bamba limefikia joto lake. Mkate utazame rangi, dakika tatu hadi tano.

Plagi yangu ina pini mbili. Natumia kalamu kufungua tundu la juu la soketi, kuna ubaya? (Mombasa)

Upo, tena mkubwa. Tundu lile ni la waya wa ardhi. Tosta yenye mwili wa chuma isiyo na waya huo, ndani ukichubuka waya wenye moto, umeme unakuja kwenye mkono ulioshika mpini. Soma kibandiko: kama hakina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani chombo chenye kinga mbili kisichohitaji waya wa ardhi, rudisha dukani, udai yenye plagi ya pini tatu. Na hiyo kalamu iwekeni mbali na watoto, maana wanachokiona mkifanya nao watakifanya.