Kofi liangukie wapi? Maswali kuhusu muziki wa Wamarekani Weusi

Kwaya yetu ikiimba gospeli ya Kimarekani, makofi yanaufanya wimbo uwe kama gwaride. Tunakosea wapi?

Mkihesabu mapigo manne manne, mnapiga kwenye pigo la 1 na la 3. Gospeli, na baada yake muziki wa soul, huangusha kofi kwenye la 2 na la 4, pale snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) inapolia. Fanyeni hivi: mguu ukanyage 1 na 3, mikono ijibu 2 na 4, kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, bila kuimba kwanza. Mkono ukishazoea, ongezeni sauti. Hapo ndipo tatizo la pili hujitokeza: kila mtu anawahi kofi lake na wimbo unaanza kukimbia. Msihangaike na mikono, rekebisheni mguu. Mguu ukitulia, mkono unajua pa kusubiri.

Na msidhani makofi ni mapambo. Sheria ya South Carolina, Marekani, ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma na baragumu, kwa hofu kwamba wangeitana kuasi. Viganja na nyayo vikabeba sehemu kubwa ya kazi ya ngoma.

Blues ya baa 12 hupangwaje?

Baa ni kipimo cha mapigo manne, na A7, D7 na E7 ni kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kwenye gitaa, ufunguo wa A: baa nne za A7, mbili za D7, mbili za A7, moja ya E7, moja ya D7, mbili za A7, kisha unarudi mwanzo. Maneno huwa mistari mitatu: wa kwanza, uleule tena, halafu wa tatu unaoujibu. Kila mstari umepewa baa nne, lakini mwimbaji hutumia kama mbili tu, nyingine ni za gitaa kumjibu. Wanaoanza huvuta maneno mpaka yanameza nafasi hiyo, na blues inakufa papo hapo. Rock and roll ya miaka ya 1950 ilichukua umbo hili karibu lilivyo, ikaongeza mwendo.

Banjo si ala ya Wazungu wa mashambani?

Hapana. Waafrika waliopelekwa utumwani ndio walioiunda Karibiani na Amerika Kaskazini, kwa ujuzi wa ala za Afrika Magharibi za kibuyu kilichowambwa ngozi. Wazungu waliidaka kwa wingi karne ya 19, tena kupitia maonyesho ya kuwakejeli Weusi.

Madijei wa zamani walirudiaje kipande kimoja cha ngoma bila kompyuta?

Kwa nakala mbili za santuri moja. Dijei Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, aliona wachezaji wakisubiri pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, hutajwa kuwa chimbuko la hip hop. Dijei mwenzake Grandmaster Flash aliutia ufundi huo hesabu: alichora alama kwa krayoni juu ya santuri, akahesabu mizunguko ya kurudisha.

Hesabu yenyewe ni hii. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huzunguka mara moja kwa sekunde 1.8. Kipande cha baa nne, kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, huchukua sekunde 9.6, yaani mizunguko mitano na theluthi. Wakati nakala ya upande wa kulia inasikika, irudishe ya upande wa kushoto kiasi hicho, ishike, iachie kwenye pigo la 1 huku ukivusha miksa (kifaa cha kuhamisha sauti kutoka santuri moja hadi nyingine). Sindano ikiruka, mara nyingi mkono unakandamiza mno. Weka kitambaa laini kinachoteleza chini ya santuri na uiguse karibu na ukingo.

Besi ya 808 inatikisa gari, lakini kwenye simu haipo kabisa. Kwa nini?

808 ni Roland TR-808, mashine ya kutoa milio ya ngoma. Ngoma yake ya mguu hulia karibu na Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na spika ya simu haiwezi kusukuma hewa kwa sauti nzito kiasi hicho. Kupandisha besi hakusaidii, kunaziba tu sauti nyingine. Ikwaruze besi hiyo kidogo kwa programu ya kurekodi muziki ili izae sauti za juu yake, za Hz 100, 150, 200 na kuendelea, na sikio litakamilisha lenyewe kilichokosekana.

Mashine hiyo ilitengenezwa kuanzia 1980 hadi 1983 tu. Wengi waliiona haifanani na ngoma halisi, haikuuzika vizuri, na zilizotumika zikashuka bei hadi vijana wa hip hop wakazimudu. Mlio mrefu uliodharauliwa ndio uliowafanya watu wajaze spika kubwa kwenye buti za magari.