HB imekwama kwa 8: uliza kwanza damu inaenda wapi

Dada wa Nakuru, umeuliza anemia ni nini hasa, na kwa nini HB yako, yaani kiwango cha himoglobini kwenye damu, haitoki kwa 8 na umekunywa juisi ya bitiruti mwezi mzima. Nimepitia hapo. Yangu ilikuwa 7.6, nikiishi Ahero.

Anemia ni upungufu wa damu, lakini kinachopungua hasa ni himoglobini, ile inayoipa damu wekundu na kubeba oksijeni. Mwanamke akiwa chini ya 12 tayari ana upungufu. Mjamzito, chini ya 11. Ndiyo maana unapanda ngazi unahema na hakuna mahali panapouma.

Mimi nilikuwa nakula odowa, ule udongo mgumu unaouzwa kwa mafungu sokoni Kibuye. Vipande vitano, sita kwa siku, hata mfuko wa sweta ulijaa vumbi lake. Muuguzi mmoja alinivuta kope ya chini, akaona ndani kumepauka, akaniuliza papo hapo, "Mama, unakula udongo?" Kumbe hamu ile mara nyingi huja madini ya chuma yakipungua mwilini, na udongo wenyewe unaweza kuzuia hata kile kidogo unachokula kisifyonzwe.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemeza vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu. HB inapanda, inashuka. Hakuna aliyewahi kunipima choo, na hilo linaniuma hadi leo. Nilipopimwa, ilikuwa minyoo ya safura. Huingilia ngozi ya mguu, nami kila msimu nilikuwa mashambani kwenye mpunga bila viatu. Hujishikiza kwenye utumbo, inakunywa damu. Nilipewa dawa ya minyoo, kisha vidonge vya chuma, na chai nikaacha kuinywa pamoja na chakula kwa sababu nayo huzuia chuma. Mwezi wa nne tangu nianze dawa hizo, HB ilisoma 12.1.

Lakini usiichukue hadithi yangu ukaifanya yako. Damu hupungua kwa kupotea, kwa kuvunjwa, au kwa kutotengenezwa ya kutosha. Hedhi nzito na vidonda vya tumbo huipoteza. Malaria, ambayo huku kwetu ziwani haituachi, hupasua seli nyekundu za damu. Mtoto wa dada yangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu: seli zake huishi siku 10 hadi 20, za wengine hufika kama 120. Majirani walimletea dawa za chuma, na chuma sicho kilichompungukia. Hizo hapewi mpaka vipimo vionyeshe anazihitaji.

Kwa hiyo omba upimwe choo na malaria, na umwambie daktari hedhi yako huchukua siku ngapi na unabadilisha pedi mara ngapi. Omena, maini na osuga (mnavu) endelea kula, na chungwa pembeni lisaidie chuma kufyonzwa. Ila kama moyo unakudunda hata ukiwa umekaa tu, usingoje majibu ya humu. Nenda leo.